Siku Mkwe Aliponishika Mguu

Binti yangu alitimiza mwaka mmoja na miezi minane bila ya kukanyaga pwani. Nikiwaambia watu wa bara wanashangaa, maana wao hudhani sisi tunaoishi Unguja tunaamka na kulala ndani ya maji. Sisi tunakaa Ng'ambo, ndani ndani, chumba na ukumbi nyuma ya duka la vitambaa, na mimi ni fundi cherehani. Bahari naijua kama mtu anavyomjua jirani wa mtaa wa pili: tunaonana, tunasalimiana, hatuingiliani. Sikukuu moja kabla ya hapo tulimpeleka mtoto Forodhani, akaitazama bahari kutoka juu ya ukuta, akaipungia mkono kama anavyozipungia gari zinazopita mlangoni kwetu. Basi, ikawa ndiyo bahari yake hiyo.

Mke wangu ndiye aliyeona kuwa hiyo ni aibu. Yeye kazaliwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa, na mama yake kalea watoto wanne kwa pweza aliowachokoa mwenyewe kwenye mawe. Akaniambia haiwezekani mjukuu wa mwanamke yule afike miaka miwili anaogopa kaa. Nikamwambia kaa mwenyewe hajamwona, atamwogopa vipi? Akasema ndiyo hivyo hivyo, tutakwenda Jumapili.

Nikavuta vuta. Nikasema Vespa ina kelele, nina magauni ya harusi hayajatiwa vifungo, mtoto ana mafua. Ukweli ni kwamba sikuwa na ugomvi na pwani. Nilikuwa namkwepa mkwe wangu.

Tangu nimuoe binti yake ilikuwa ni mwaka wa sita, na katika miaka hiyo yule mama hajawahi kuniambia neno jingine isipokuwa “Marahaba.” Najua baina ya mkwe na mkwe pana haya, wala si jambo la ajabu mama mkwe kujitenga kidogo. Lakini wake alizidi. Nikiwa nimekaa kwenye mkeka mmoja naye, sinia katikati yetu, alimgeukia mke wangu akasema, “Mwambie mumeo atie mchuzi.” Mke wangu ananigeukia, ananiambia. Mimi namjibu mke wangu, naye anamfikishia mamake jibu ambalo mamake keshalisikia. Kwa namna hiyo tulikula Iddi ngapi sijui.

Na hakuwa akinitazama. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Uso wake ulikuwa daima upande mwingine, na nikimkaribia hunyanyua ncha ya kanga akaziba mdomo, kama mtu aliyepita penye jalala. Mimi babu yangu alitoka bara, akaja visiwani kuchuma karafuu, akabakia. Nikajiambia basi ndiyo hayo: alimtakia binti yake mtu wa kwao, mtu wa pwani, si fundi wa Ng'ambo asiyejua hata kuogelea. Nikimuuliza mke wangu hunijibu, “Mama ndivyo alivyo,” na hapo mazungumzo yanakwisha.

Jumapili ikafika, tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Mtoto kasimama mbele baina ya magoti yangu, kashika katikati ya usukani kama yeye ndiye anayeendesha. Mke wangu nyuma, kapakata kapu la mikate ya kumimina. Tulipofika Jozani nilipunguza mwendo kwa ajili ya matuta, na kima punju wanne wakavuka barabara mbele yetu, mmoja na mwanawe tumboni. Mtoto akawanyooshea kidole. “Paka,” akasema. Wakati ule kila chenye miguu minne na mkia kilikuwa ni paka. Tulicheka mpaka Vespa ikayumba.

Mkwe alikuwa kasimama uani anatungoja. Ni mwanamke mfupi, mkavu, ana mikono mikubwa kuliko mwili wake. Nikazima pikipiki, nikavua kofia, nikamwamkia shikamoo kwa sauti nzuri niliyoitayarisha tangu njiani. Akaujibu mnazi uliokuwa nyuma yangu. Kisha akamnyakua mtoto akaanza kusema naye kwa Kimakunduchi, haraka haraka, maneno ambayo mimi nayashika nusu nusu. Mtoto ambaye hata maneno thelathini hakuwa nayo akamjibu kwa lugha yake mwenyewe isiyojulikana, na wote wawili wakaonekana wameelewana vizuri.

Hatukukaa. Ilikuwa siku za bamvua, zile siku maji yanapokupwa mbali kabisa, na mkwe alisema tukinywa chai kwanza bahari haitatungoja. Akafunga kanga kiunoni, akavaa raba kuukuu zisizo na kamba. Mke wangu akavaa za kwake. Mtoto akavishwa viatu vya plastiki. Mkwe akaitazama miguu yangu, kisha akamgeukia binti yake.

“Mwambie mumeo avae viatu.”

Mke wangu akaniambia. Nilikuwa na makubadhi mapya ya ngozi, nimeshayavua, nayaonea huruma kwa maji ya chumvi, lakini hiyo ni nusu tu ya sababu. Nusu ya pili ni kuwa sikutaka yule mama anione mimi mtu wa mjini, laini. Nikasema miguu yangu imezoea. Imezoea nini, Mungu anajua. Maisha yangu yote haijakanyaga kitu kigumu kuliko pedali ya cherehani.

Pwani ya pale si ile inayopigwa picha za mahoteli, ya mchanga mweupe kama unga. Upo mchanga kidogo, kama mkeka uliotandikwa mlangoni, kisha ni mawe. Jabali la kijivu limetanda mpaka macho yanapochoka, limetobokatoboka, makali yake kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Baina ya mawe maji yamebaki kwenye vidimbwi, vingine vidogo kama bakuli, vingine unaweza kuogea, na ndani yake mna kila kitu: majani ya kijani na mekundu, visamaki vyembamba kama uzi, konokono, vidudu vyenye miguu mingi nisivyovijua majina. Ukingo wa bahari ulikuwa mbali, mstari mweupe tu unaonguruma.

Nilipojaribu kumsimamisha mtoto juu ya jabali, akakunja miguu yote miwili kama kuku aliyebebwa. Nikajaribu tena, akanikumbatia shingo, akaanza kulia. Mke wangu akasema tumrudishe mchangani. Mkwe aliinama kwenye kidimbwi kilichokuwa karibu, akatia mkono, akatoa gamba la konokono, akaliweka kwenye kiganja chake na kukinyoosha mbele ya uso wa mtoto. Kisha akatulia.

Tukangoja. Mtoto alisita kulia ili aone. Pale mlangoni mwa gamba ikatoka miguu myembamba, mmoja baada ya mwingine, halafu vijicho viwili, na yule kaa mdogo aliyejificha ndani akaanza kutembea juu ya kiganja cha bibi, kajitwisha nyumba yake. Mtoto hakupumua. Kaa akafika kwenye kidole gumba, akasimama, akafikiri, akageuka. Mtoto akatoa sauti moja ndogo, kama mtu anayetia pumzi ndani ya kikombe, akaniachia shingo, akateremka mwenyewe kwenye jawe ili amsogelee. Alikuwa kashasahau kuwa aliogopa.

Kuanzia hapo hatukumpata. Alikwenda kidimbwi hadi kidimbwi, anachutama, anatia mkono, anatuita “Bibi!” na “Baba!” kila alipoona kitu, na kila kitu kilikuwa kaa, hata majani. Mke wangu alipoona mambo yametulia alichukua chuma cha mamake cha kuchokolea pweza akasema anakwenda mbele kidogo, ajaribu kama mkono bado unakumbuka. Alikwenda anaruka ruka juu ya mawe, kanga kaikunja magotini, na kwa mbali akawa kama msichana wa shule. Nilimtazama kwa muda. Mjini simuoni hivyo.

Ndipo nilipotambua kuwa mkalimani wetu kaondoka. Tumebaki watatu: mimi, mkwe, na mtoto asiyejua kuunganisha maneno mawili.

Mkwe alijaribu. Nilikuwa nimesimama penye majani ya kijani, akamwambia mjukuu wake, “Mwambie baba yako pana utelezi hapo.” Mtoto akanigeukia kwa heshima zote akasema, “Baba.” Hiyo ndiyo ilikuwa salamu nzima. Nikasogea. Baada ya muda mkwe akasema tena, “Mwambie baba yako jua likizidi avae kofia.” Mtoto akasema, “Baba.” Nikavaa kofia. Nikaona tukienda hivi tutafika.

Sikuona vizuri ilivyotokea. Mtoto alikuwa ukingoni mwa kidimbwi kirefu, upande wangu, kainamia kaa mwekundu aliyeng'ang'ania chini ya jawe. Mkono wake haukufika, akainama zaidi, viatu vya plastiki vikateleza, nikaona kichwa kinatangulia. Nikaruka. Niliingia majini mpaka magotini, nikamdaka mgongoni kwa gauni, gauni nililomshonea mwenyewe, na mshono ukahimili. Hakulowa zaidi ya mikono. Nikamnyanyua, nikamkumbatia, na hapo ndipo maumivu yaliponifikia.

Nimejichoma sindano tangu nikiwa na miaka kumi na tano, kuna siku iliwahi kunipita ukucha ikatokea upande wa pili, nami nikamaliza shati la mteja kabla ya kwenda kufungwa. Lakini hii haikuwa sindano moja. Mguu wa kulia ulikuwa umetua juu ya vile vidudu vyeusi vya duara, vyenye miiba mirefu pande zote kama nungunungu. Niliviona baadaye, vimejipanga chini ya jawe kama vimengojea. Jasho likanitoka, masikio yakaziba. Sikuweza kukanyaga, na sikuweza kumweka mtoto chini, maana sikujua vingine viko wapi. Nikasimama kwa mguu mmoja katikati ya maji.

Mkwe alishafika ukingoni. Akatazama chini, akaona.

“Mwambie baba yako asiweke mguu chini,” alisema.

Mtoto, pua yake kwenye pua yangu, akanitazama kwa makini. “Chini,” akasema.

Kisha yule mama akanyanyua uso akanitazama mimi, machoni, kwa mara ya kwanza tangu siku niliyomjua.

“Usikanyage,” akasema. “Nipe mtoto. Mkono weka hapa begani kwangu. Usiogope, n'na nguvu.”

Nikampa mtoto, nikaweka mkono begani kwake. Bega lilikuwa dogo na gumu kama jawe. Akanitoa majini hatua kwa hatua, mimi narukaruka kama kunguru aliyevunjika mguu, mpaka kwenye kivuli chini ya genge, mahali bahari ilipoula ule ukuta wa mawe kwa chini na kuacha kama kibaraza. Akanikalisha. Akanikabidhi mtoto tena.

“Nnakwenda kuchukua papai,” akasema. “Huyu asikuone umekunja uso. Akikuona, ataiogopa bahari mpaka akue.”

Akapanda njia ya juu kuelekea mashambani. Nikabaki na mtoto mapajani na mguu uliokuwa ukiwaka moto. Nikajitahidi kutabasamu. Nikamhesabia vidole vyake, nikamwimbia ule wimbo wetu wa kumvalisha nguo, nikauimba pengine mara kumi. Yeye akanitazama, akautazama mguu, ulikuwa na madoa meusi kwenye kisigino na chini ya kidole gumba kama mtu aliyeutia nukta za wino. Hakudanganyika. Aliteremka mapajani pangu, akachutama mbele ya kisigino, akavimbisha mashavu, akapuliza. Ndivyo tunavyompulizia uji wake ukiwa wa moto. Akapuliza, akanitazama usoni kuona kama kimepoa, akapuliza tena. Hapo nusura machozi yanitoke, na si kwa ajili ya miiba.

Mkwe akarudi na papai bichi na kisu kidogo. Akakaa chini mbele yangu, juu ya jabali lenye maji, akauchukua mguu wangu akauweka mapajani mwake.

Nikauvuta. Mwili wenyewe uliuvuta kabla sijafikiri. Mtu hampi mama mkwe wake mguu, tena mchafu, tena mtupu. Tulipokuwa wadogo, chuoni tunakosoma Kurani, tuliambiwa kuwa asili ya shikamoo ni “nashika miguu yako”, kwamba mdogo anajishusha mpaka kwenye miguu ya mkubwa. Na mimi kila siku nikimwamkia hivyo. Sasa mkubwa yuko chini, anataka wangu.

“Mama, haifai,” nikasema.

“Haifai nini? Mguu ni mguu.” Akaurudisha mapajani. “Tulia.”

Nikakumbuka kuwa ndani ya ukosi wa shati langu huwa nachomeka sindano, mazoea ya kazi, nikaitoa nikampa, nikiona na mimi nina cha kusaidia. Akaitazama kama kitu cha mchezo. Akanieleza kuwa miiba ile inakatika kama chaki, ukiichokoa inabaki ndani na mguu unaoza. Dawa yake ni utomvu. Akalichanja lile papai, utomvu mweupe ukachuruzika, akaupaka juu ya kila doa, polepole, moja baada ya jingine. Kisha akachukua kijiwe cha duara akawa anapigapiga juu yake, kidogo kidogo, ili miiba ivunjikie ndani utomvu uimalize. Iliuma. Nikauma meno na kumtolea mtoto macho ya kuchekesha. Mtoto alikuwa kakaa kitako pembeni, kapewa kipande cha papai, anatoa mbegu moja moja na kuzipanga juu ya jawe.

Mkwe akafika chini ya kidole gumba. Akasita. Niliona mabega yake yanatikisika, nikadhani kachoka au mgongo unamuuma. Akanyanyua ncha ya kanga akaziba mdomo, vile vile kama anavyofanya siku zote, na safari hii nilikuwa karibu mno nisiweze kukosea. Yule mama alikuwa anacheka.

“Kidole hiki nakijua,” akasema.

Sikuelewa. Akapangusa macho kwa ile kanga, akaanza kunihadithia, huku mkono wake ukiendelea kupaka dawa, na macho yake kwenye mguu.

Alisema siku ya posa, wazee wangu waliponileta, wanawake walikuwa chumbani nyuma ya pazia. Pazia la nyumba ile ni fupi, halifiki chini. Kwa hivyo yeye aliyekuwa kakaa sakafuni hakuona sura ya mtu. Aliona miguu tu, imepangana kwenye mkeka. Wenziwe wakamnong'oneza, mume ndiye yule wa tatu. Akaitazama miguu ya yule wa tatu. Soksi nyeusi, nzuri, na kwenye soksi ya kulia tundu, na kwenye tundu kidole gumba kimechungulia nje.

“Na hapo mzee wenu ndiyo kwanza anatwambia mtoto wetu ni fundi wa nguo,” akasema. “Fundi wa nguo. Na kidole kinanitazama.”

Alicheka nyuma ya pazia mpaka dada yake akamfinya. Nami nilikumbuka kusikia siku ile kitu kama mtu anayekohoa. Akasema tangu hapo kila aliponiona alikiona kidole, na alijua akinitazama tu ataangua kicheko mbele ya watu, akose heshima yake na yangu. Kwa hivyo akawa anatazama pembeni.

Mimi nilicheka pia. Maumivu na kicheko vikachanganyika, mtoto akatutazama wote wawili akaanza kucheka kwa kutuiga. Miaka sita nimebeba uzito wa mtu aliyedharauliwa, kumbe ni tundu la soksi.

Lakini hakuwa kamaliza. Mkono wake ukapunguza mwendo.

“Usiku ule nikamuuliza mwanangu, huyu hana mama wa kumtazamia nguo zake? Akanambia mama yake keshafariki, tangu yeye mdogo.” Akapaka doa jingine. “Nikaona haya. Nimemcheka yatima. Tangu siku ile sijui nikwambie nini. Siku zikapita, ikawa vigumu zaidi.”

Nilikuwa nayafikiri yale makapu. Kila tulipoondoka Makunduchi alikuwa akimpa mke wangu kapu: muhogo, mayai ya kienyeji, pweza mkavu, na mara nyingi mkate wa ufuta uliofungwa peke yake kwenye kitambaa safi. “Mpe mumeo,” husema. Mimi nikidhani ni maneno ya desturi, kwamba anamtunza binti yake. Niliula mkate ule miaka sita bila ya kujua kuwa umepikwa kwa ajili yangu.

“Mama,” nikasema, “mkate wako wa ufuta mtamu.”

“Najua,” akasema, akaendelea kugonga kijiwe.

Mke wangu akatukuta hivyo. Alitokea kwenye kona ya genge, kalowa mpaka kiunoni, chuma mkononi na pweza hana. Akasimama. Akautazama mguu wa mumewe mapajani mwa mamake, akamtazama mamake, akanitazama mimi. Nyuma yake bahari ilishaanza kurudi. Vile vidimbwi vya mbali vilikuwa vimeshaungana, na maji yanaingia baina ya mawe bila ya sauti.

“Mwambie mumeo...” mkwe akaanza. Akanigeukia. “Nyanyuka taratibu. Maji yanajaa.”

Mke wangu alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, na mimi nikarudi nikiwa nimemwegemea mkwe. Njia ile ni fupi lakini tuliikata kwa muda mrefu. Wanawake wengine walikuwa wanarudi kutoka mawindoni, ndoo vichwani, wakatukuta. Najua tulivyoonekana: mwanamume mzima, mrefu, kamning'inia mama mkwe begani, mchana kweupe. Mmoja wao, mtu mzima kama yeye, akasalimia, akatazama mkono wangu ulipo, akauliza kuna nini.

“Mwanangu kachomwa mguu,” mkwe akajibu, wala hakupunguza mwendo.

Yule bibi akanipa pole, wakapita. Mimi niliendelea kurukaruka, natazama chini, nachagua pa kuweka mguu mzima. Sikuwa nimeitwa hivyo na mtu mzima wa kike tangu nina miaka kumi na mmoja. Nadhani alihisi bega lake limelemewa zaidi, maana alinishika kiuno.

Vespa haikuwezekana siku ile wala iliyofuata. Tulikaa mpaka Jumanne. Wateja walipiga simu, nikawaambia nimechomwa na bahari, wengine hawakuniamini. Mchana nilikuwa nakaa barazani, mguu juu ya gunia la makumbi ya nazi, na mkwe anakuja kunipaka utomvu, kisha anabaki. Aliniuliza habari za mama yangu. Si kwa udadisi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua: alikuwa mrefu? Akipika nini? Akiimba? Nikamwambia alikuwa mrefu, akipika maharage ya nazi, na aliniketisha mlangoni akanifundisha kutia kifungo, na ndiyo mwanzo wa kazi yangu. Kwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza mambo hayo. Nilishangaa kuona nakumbuka mengi.

Mtoto naye akawa mtu wa pwani. Asubuhi zote mbili alimletea bibi yake zile raba, moja moja, akaziweka miguuni pake. Wakaenda wawili, mimi nikawatazama kutoka barazani mpaka njia ilipowameza, mkubwa kainama upande mmoja ili mkono wake ufike kwa mdogo. Walikuwa wakirudi na konokono watupu na mawe, nayo yote niliambiwa kuwa ni kaa.

Sasa binti yangu ana miaka mitatu na anasema maneno mengi kuliko tunavyohitaji. Ndani ya kisigino changu liko bado doa moja jeusi, haliumi. Mkwe ananipigia simu mwenyewe. Mara nyingi ni kunigombeza: kwa nini mtoto kakatwa nywele kabla ya yeye kuambiwa, kwa nini nimenunua samaki wa barafu. Mke wangu anasema zamani alikuwa na raha, sasa tunalalamikiwa sote wawili, yeye na mimi.

Wiki iliyopita mkwe alipiga saa nne asubuhi, nina mteja kasimama mbele yangu, utepe wa kupimia uko kifuani kwake. Akauliza mtoto kala. Nikamwambia kala. Kala nini? Nikamwambia. Akasema vyema. Halafu hakukuwa na habari nyingine, na hakukata simu, nami sikukata. Nilisikia kuku wake uani, na mtu anapita kwa baiskeli anamwamkia, na yeye anaitika. Mteja akanionesha kwa mkono kuwa hana haraka.